Kabla ya kuhesabu trilioni za Mrima, tazama kwanza lenzi ya kamera

Chukua picha ya bi harusi mwenye gauni jeupe, amesimama nje ya kanisa jua la saa saba likiwaka. Imepigwa kwa lenzi ya bei rahisi, mlango wa mwanga umefunguliwa wote ili watu wa nyuma wafifie. Ivute karibu kwenye skrini. Pale bega la gauni linapokutana na kivuli utaona uzi mwembamba wa zambarau, na kwingine uzi wa kijani. Wapigapicha wa harusi wanaujua uzi huo kama wanavyowajua wateja wasiomaliza salio. Wanaufuta kwenye Lightroom usiku, picha moja baada ya nyingine.

Uzi huo umewatesa watu kwa zaidi ya miaka 250, na vita vya kuuondoa vimekula madini ya kila aina: risasi, bariamu, lanthanamu, niobiamu, titaniamu, hata thoriamu yenye mionzi. Soma orodha hiyo tena polepole. Kama wewe ni wa Kwale, ama umekuwa ukifuatilia maneno ya Mrima Hill, majina kadhaa hapo si mageni.

Siku hizi kila mtu akitaja madini adimu anakimbilia magari ya umeme na ndege za kivita. Sawa, huko ndiko kelele iliko. Lakini mimi naona lenzi inaeleza vizuri zaidi pesa huwa inaenda wapi, manake lenzi unaweza kuishika mkononi na bei yake unaijua.

Tuanze na kioo chenyewe. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na kioo kinapoupinda hakizipindi rangi zote sawa. Buluu inapindwa zaidi, nyekundu kidogo. Kwa hiyo lenzi ya kioo kimoja inaangusha buluu mahali pamoja na nyekundu mbele kidogo, na hapo kati ndipo uzi wa zambarau unazaliwa. Kila aina ya kioo ina tabia mbili: nguvu ya kupinda mwanga, na kiasi inachotawanya rangi. Balaa ni kwamba kwenye vioo vya kawaida tabia hizi mbili hutembea pamoja. Ukitaka kinachopinda sana, ujue kitatawanya sana. Ni kama zile matatu za graffiti: utafika haraka, lakini masikio utayaacha ndani.

Ujanja wa kwanza ulikuwa kuoanisha vioo viwili. John Dollond wa London alipewa hataza mwaka 1758 kwa lenzi ya darubini iliyounganisha kioo cha kawaida na kioo chenye madini ya risasi. Cha kwanza kinakosea upande huu, cha pili kinakosea upande ule, makosa yanafutana. Si yote, lakini mengi. Na kwa zaidi ya miaka 100 baadaye wabunifu walikaa hapo hapo, wakizungusha vioo vile vile vichache. Hebu fikiria mpishi ambaye maisha yake yote ana chumvi na pilipili tu.

Aliyefungua kabati la viungo ni kijana wa Kijerumani, Otto Schott. Mwaka 1884, akiwa na mwanafizikia Ernst Abbe, Carl Zeiss na mwanawe Roderich, alianzisha maabara ya kioo mji wa Jena. Kazi yao ilikuwa moja ya kuchosha: yeyusha, pima, andika, yeyusha tena. Waliweka bariamu, boroni, fosforasi, chochote, mpaka wakapata vioo ambavyo zile tabia mbili haziendi pamoja. Miaka sita tu baadaye Paul Rudolph wa Zeiss akatoa lenzi ya kamera iliyotumia vioo hivyo vipya, kali mpaka kwenye kona za picha. Mwaka 1896 akachora nyingine iitwayo Planar. Ile 50mm f/1.8 ambayo kila mpigapicha wa mtaa ananunua kwanza ni kitukuu wa Planar. Mchoro ni wa zaidi ya karne moja. Kilichobadilika sana ni kioo.

Na Jena ilionyesha mapema kwamba kioo ni siasa. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, Uingereza ilikuwa ikitegemea Ujerumani kwa sehemu kubwa ya kioo chake cha lenzi. Ghafla muuzaji amekuwa adui. Raia wakaombwa waazimishe jeshi darubini zao za kutazamia farasi. Mwaka 1945 Wamarekani, wakijua Jena itabaki chini ya Wasovieti, waliondoka na wataalamu 41 wa Schott pamoja na familia zao, na kampuni ikaja kusimama upya mjini Mainz. Waliohamishwa walikuwa watu, wenye mapishi kichwani. Mchanga waliuacha. Shikilia hilo, tutalirudia.

Hatua kubwa iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Miaka ya 1930 Mmarekani George Morey alitengeneza kioo chenye lanthanamu, mojawapo ya yale madini 17 yanayoitwa adimu, na Kodak ikakichukua. Jina "adimu" lenyewe linadanganya kidogo, lanthanamu ni nyingi ardhini kuliko risasi, ila imetawanyika na imeshikana na ndugu zake kiasi kwamba kuitenganisha ni kazi ya shetani. Kioo cha lanthanamu kinapinda mwanga kwa nguvu bila kutawanya rangi sana, yaani kile hasa ambacho kioo cha zamani kilikataa.

Faida yake ni hii. Kioo chenye nguvu ndogo ya kupinda lazima ukichonge kiwe na tumbo kubwa ndipo kifanye kazi. Tumbo likiwa kubwa, mwanga unaopita pembeni unapotea njia, na picha inakuwa laini pale ambapo ulitaka makali. Kioo chenye nguvu hakihitaji tumbo. Kinakuwa bapa zaidi, makosa yanapungua, na unaweza kufungua mlango wa mwanga zaidi bila picha kuharibika. Kila unapopiga ndani ya klabu kule Westlands bila flashi na nyuso zikatoka safi, shukuru lanthanamu.

Kabla hawajaizoea vizuri walijaribu pia thoriamu. Lenzi ya Kodak iliyoitwa Aero-Ektar, iliyobebwa na ndege za kijeshi za Marekani kupiga picha usiku katika vita vya pili, ilikuwa nayo. Baadhi ya lenzi za Takumar za Pentax pia. Ukikutana na Takumar ya zamani ya 50mm f/1.4 imegeuka rangi ya chai ya rangi, usidhani ni uchafu. Thoriamu inatoa mionzi, na mionzi hiyo imekitia kioo unjano kutoka ndani, taratibu, kwa miaka. Watu huiweka juani ama chini ya taa ya urujuanimno kwa siku kadhaa na rangi inapungua. Kuitumia kwenye kamera si hatari kubwa. Kuivunja na kuvuta vumbi lake, hapo ni habari nyingine. Viwanda viliachana nayo na kubaki na lanthanamu.

Halafu kuna lenzi nyeupe. Ulitazama CHAN pale Kasarani Agosti 2025? Ile mizinga myeupe iliyopangwa nyuma ya goli, ama ile inayochungulia kutoka kwenye gari za watalii Mara, weupe wake haukuanza kama mbwembwe. Lenzi ndefu inakuza kila kitu pamoja na ule uzi wa zambarau, kwa hiyo wabunifu walihitaji kioo kinachotawanya rangi kidogo mno. Asili inacho kimoja, fuwele ya fluoraiti. Abbe aliitumia kwenye hadubini, lakini vipande safi vinavyotoka ardhini ni vidogo, havitoshi kamera. Canon ikaamua kuikuza yenyewe ndani ya tanuri, na mwaka 1969 ikauza lenzi ya 300mm yenye fuwele hiyo. Tatizo fluoraiti ni delicate kama mtoto wa mwisho. Inavunjika upesi, inachukua muda mrefu kusuguliwa, na inatanuka ikipata joto, ikitanuka fokasi inahama. Ndiyo Canon ikapaka lenzi rangi nyeupe, jua lirudi lilikotoka. Nikon na wengine wakakimbilia vioo vya ED, vyenye floraidi na fosfeti ndani, ambavyo vinakaribia fluoraiti kwa tabia na havina maringo hayo.

Sasa pesa. Canon 50mm f/1.8 STM ilipotoka 2015 iliuzwa dola 125, kama shilingi elfu 16 kwa kiwango cha leo, kabla ya ushuru na faida ya mwenye duka. Ina vipande 6 vya kioo na uzito wa gramu 160 hivi. Ndugu yake RF 50mm f/1.2L ya 2018 ilianza na dola 2,299, karibu laki tatu. Vipande 15, gramu 950. Umbali wa kupigia ni ule ule, 50mm. Tofauti ni kufungua mlango zaidi kidogo, na kila hatua ya kuufungua inaamsha makosa ambayo yanataka kioo kingine cha kuyatuliza, chenye mapishi yake, kilichochongwa umbo lisilo la mviringo wa kawaida. Ukipanda mpaka RF 400mm f/2.8, ile mizinga ya Kasarani, ilitangazwa 2021 kwa dola 11,999. Hiyo ni milioni moja na nusu na zaidi. Watu hununua ploti Joska na chenji inabaki.

Kwa upande mwingine wa mizani, kilo moja ya oksidi ya lanthanamu imekuwa ikiuzwa karibu dola moja, wakati mwingine chini. Ndiyo. Madini yaliyofanya lenzi ya kisasa iwezekane yanaweza kuwa rahisi kuliko kilo ya sukari pale Gikomba.

Hapo ndipo nawashangaa wanasiasa wetu. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilikadiria kwamba Mrima Hill ina niobiamu na madini adimu ya thamani ya dola bilioni 62.4. Kwa kiwango cha leo ni karibu shilingi trilioni 8, na hiyo namba haijawahi kutoka kwenye hotuba tangu siku hiyo. Chuo niliacha njiani, lakini hata mimi najua thamani ya mwamba ukiwa chini ya mlima si pesa ya kugawa. Ni kama kukadiria utajiri wa shamba kwa kuhesabu chapati zitakazotokana na ngano ambayo hujapanda.

Cortec yenyewe iliambulia patupu. Leseni ilitolewa Machi 2013, mwezi ule ule wa uchaguzi, na Agosti waziri wa madini wakati huo, Najib Balala, akaifuta. Kampuni ikaipeleka Kenya kwenye mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia ikidai zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 Kenya ikashinda, kwa sababu leseni haikufuata sheria, hasa ya mazingira. Tangu hapo mlima umekaa, na wageni wa mataifa makubwa wanapita wakiutazama kwa jicho la pembeni.

Wanautazama kwa sababu ya Beijing. China inachimba kama asilimia 70 ya madini adimu duniani, lakini silaha yake si kuchimba, ni kutenganisha: karibu asilimia 90 ya kazi hiyo inafanyika kwake. Mwaka 2010, baada ya meli ya uvuvi ya China kugongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani, shehena za kwenda Japani zilikwama. Bei ya oksidi ya lanthanamu ikaruka kutoka dola chache kwa kilo hadi zaidi ya 100 mwaka 2011. Kumbuka Japani ndiko kwa Canon, Nikon, Sony, na pia kwa Ohara na Hoya wanaoyeyusha kioo cha lenzi. Na seriamu, ndugu mwingine wa ukoo huo huo, ndiyo unga wa kusugulia vioo mpaka ving'ae. Yaani walibanwa kwenye jiko na kwenye msasa kwa wakati mmoja. Wajapani hawakulia sana. Waliingiza dola milioni 250 kwa kampuni ya Lynas ya Australia ili wawe na njia nyingine.

Aprili 2025, ushuru wa Trump ulipopamba moto, China ikaweka madini 7 chini ya vibali vya kuuza nje, yakiwemo gadolini na yitriamu ambayo huingia kwenye vioo vya lanthanamu. Oktoba ikaongeza mengine 5, kisha ikasitisha nyongeza hiyo kwa mwaka mmoja baada ya Trump na Xi Jinping kukutana Korea Kusini. Yale 7 ya Aprili yakabaki kwenye orodha. Lanthanamu haikuguswa. Ni nyingi mno na rahisi mno kuwa bunduki nzuri.

Na wakati dunia inatazama vibali, China imefanya jambo ambalo kwa mpigapicha wa Nairobi ni kubwa zaidi: imejifunza kuyeyusha kioo chenyewe. Kampuni ya CDGM ya Chengdu sasa inauza vioo vya lenzi vya aina nyingi, na Viltrox, TTArtisan na Laowa zinatoa lenzi ambazo miaka 10 iliyopita zingechekwa. Leo kijana anayepiga video za muziki Kayole anapata f/1.4 yenye vioo vya ED kwa bei ambayo zamani ingemnunulia kifuniko tu cha lenzi ya Kijapani. Nimetia chumvi, lakini si sana. China haikufika hapo kwa kuuza mawe.

Sisi tumeshajaribu njia ya kuuza mawe, hapo hapo Kwale. Base Titanium ilisafirisha ilmenaiti, rutaili na zikoni kupitia Likoni kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Viwanda vya kioo vilipoanza kuondoa risasi kwa sababu ya sumu yake, waliweka oksidi za titaniamu na niobiamu mahali pake. Titaniamu ya Kwale ilitoka ikiwa mchanga mweusi uliochambuliwa, mgodi ukafungwa, na Kwale hakuna kiwanda hata cha kutengeneza rangi ya nyumba kutokana nayo.

Congo wanaijua hadithi hii kwa maumivu zaidi. Tantalamu, ambayo iliingia kwenye vioo vya lanthanamu tangu siku za Morey ingawa sehemu kubwa yake sasa inaenda kwenye vifaa vya elektroniki, inatoka kwenye koltani. Migodi ya Rubaya kule Masisi, inayokadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, iko mikononi mwa M23 tangu 2024. Huko hakuna anayeuliza kuhusu uongezaji thamani.

Waziri wa Madini Hassan Joho, mtu wa Pwani mwenyewe, amekuwa akisema madini yaongezewe thamani hapa nyumbani. Vizuri. Lakini thamani ina ngazi, na kila ngazi ina bei yake. Kuchimba ni ya kwanza. Kutenganisha lanthanamu na seriamu na neodimiamu ni ya pili, na hiyo inahitaji asidi, maji mengi na wakemia waliokaa kazini miaka. Kuyeyusha kioo cha lenzi ni ya tatu, na hapo hata Uingereza ya 1914 ilikwama. Mtu akikuambia Kenya itaruka kutoka ya kwanza mpaka ya tatu, muulize wale wataalamu 41 wa Mainz wetu wako wapi, na nani anawalipa sasa hivi wakiwa bado wanafunzi.

Kuna jambo lingine ambalo halitajwi kwenye mikutano ya Nairobi. Ile thoriamu iliyogeuza Takumar kuwa rangi ya chai ipo Mrima. Mlima huo unajulikana kwa mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida, kwa sababu thoriamu na madini adimu hulala kitanda kimoja. Ukitenganisha, lanthanamu inaondoka kwa meli na thoriamu inabaki kwenye taka. Wamalaysia waliandamana kwa miaka kuhusu taka za kiwanda cha Lynas kule Kuantan, kile kile kilichosaidiwa na pesa za Japani. Na Mrima si jangwa. Ni msitu, ni kaya takatifu ya Wadigo, na kuna watu wanaolima na kunywa maji chini yake.

Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Asilimia 10 inasikika tamu mpaka uulize ni 10 ya nini. Ya mrabaha unaotozwa mwamba ghafi uliopimwa kwa tani pale langoni, ama ya oksidi iliyotenganishwa na kupimwa kwa kilo? Na gharama ya kulinda taka za thoriamu, ambayo nusu ya nguvu yake huisha baada ya miaka bilioni 14, imeandikwa kwenye mkataba wa nani? Vikao vya kukusanya maoni vikifika Kwale, hayo mawili yaulizwe kwanza, kabla soda hazijafunguliwa.